Handiboli, mbio, halafu raga: makocha watatu, mwili mmoja

Wasichana wengi wa raga hapa Kenya hatukuanza na raga. Nenda pale uwanja wa raga wa RFUEA, Ngong Road, Nairobi, jioni ya mazoezi, uliza mmoja mmoja ametoka wapi, utasikia handiboli, netiboli, basketi, soka, mbio, na hakosi mmoja wa taekwondo. Shule niliyosomea huko Magharibi haikuwa na raga ya wasichana, raga ilikuwa ya wavulana wa shule jirani na sisi tulikuwa wa kushangilia tu kando ya uwanja. Kwa hivyo hii habari ya mtu wa michezo mingi kuingia raga, kwetu si maajabu, ndio mlango uliokuwepo. Kitu hatuambiwi ni kwamba kila mchezo unaotoka nao unakupa kitu na unakudai kitu, na hayo madeni hakuna kocha anakuhesabia. Naandika kwa sababu msimu huu nimeona wasichana kadhaa wakipita njia ileile yangu na nikiwaangalia naona kabisa penye wataumia.

Mimi nilikuwa wa handiboli kwanza. Mbio nilikimbia mita 400 juu mwalimu wa michezo alikuwa mmoja na akikuona una miguu mirefu hakuulizi. Handiboli na riadha zote zilikuwa za muhula wa kwanza, sasa kuna wikendi asubuhi niko uwanjani na namba kifuani, mchana niko korti ya saruji napiga mpira golini, jioni naosha sare mbili. Ukiwa na miaka kumi na sita mwili unanyamaza tu. Nilidhani hiyo ndio inaitwa kuwa na nguvu.

2016 nilikuwa kidato cha tatu, tukaangalia Olimpiki ya Rio kwa TV ya jirani. Ilikuwa mara ya kwanza raga ya wachezaji saba kuwa kwenye Olimpiki, na Lionesses, timu yetu ya taifa ya wanawake, walifika pale kwa sababu Afrika Kusini, ambao ndio walikuwa wameshinda tiketi ya Afrika, hawakutumwa na kamati yao ya Olimpiki. Kenya ikamaliza ya 11 kati ya timu 12, mechi ya mwisho wakaipiga Colombia. Mtaani watu walicheka hiyo namba. Mimi nilichoona ni dada anakimbia na mpira mkononi mpaka mwisho wa uwanja na hakuna refa wa kumpulizia filimbi ati amezidisha hatua tatu kama kwa handiboli. Hiyo tu ndiyo ilinishika.

Nilipoingia chuo Nairobi nilipunguziwa karo kidogo kwa ajili ya handiboli, kwa hivyo handiboli haikuwa ya kuacha. Mbio nikaendelea nazo juu kulikuwa na kocha mzuri. Raga ikaingia kwa njia ya kawaida ya raga: timu ya wanawake imepungukiwa na watu, kuna mashindano Nakuru wikendi, rafiki yako anakwambia "dada njoo tu ukae benchi, tunahitaji idadi." Benchi gani. Mechi ya pili niko ndani, nikapewa mpira kwa winga, nikakimbia kama niko kwa lane yangu, nikaweka trai kwa kona, yaani nikagusisha mpira chini nyuma ya mstari wao. Makelele! Nikarudi Nairobi nikijua kabisa huu mchezo ni rahisi.

Hapo ndipo wengi wetu hupotelea, juu mbio zinakuficha. Kama wewe ndio mwenye kasi kwa uwanja mnaweza kwenda hata msimu mzima bila mtu kugundua hujui kuangusha mtu.

Wacha niseme kwanza vitu nilivyokuja navyo. Handiboli ilinipa mikono, sijawahi kuangusha mpira ovyo hata mvua ikinyesha. Ilinipa pia jicho la kuona pengo kabla halijafunguka, juu kwa handiboli ukuta wa watu sita umekusimamia mbele na pengo linafunguka nusu sekunde tu. Na ilinizoesha kugongwa kifua, siogopi mtu akinikaribia. Mbio zikanipa mapafu na ile roho ya mita 100 za mwisho za 400, mahali kila kitu kinachoma na bado unakimbia.

Sasa madeni. La kwanza ni la hatua tatu. Utacheka, lakini kwa miezi kila nikipiga hatua tatu na mpira mkono wangu wenyewe ulikuwa unataka kuuachilia. Nilikuwa natoa pasi mapema mno, tena kwa mkono mmoja kutoka begani kama narusha golini, wakati raga inataka mikono miwili, kutoka kiunoni, na kwenda nyuma. La pili ni kuruka. Mtu wa handiboli akiona nafasi anaruka, hiyo ndio lugha yetu. Kwa raga ukiruka na mpira unatua ukiwa huna miguu na kuna mtu anakusubiri chini. La tatu ni ukubwa wa uwanja. Korti ya handiboli ni mita 40 kwa 20 na kila upande mko saba. Raga ya saba mko saba vilevile lakini uwanja ni karibu mita 100 kwa 70, karibu mara tisa ya ile korti! Ukizoea kusimama bega kwa bega na mwenzako utaacha shimo la kupitisha matatu. Na mbio nazo zilinifundisha kukimbia nimenyooka, kifua juu, mstari mmoja, vizuri sana kwa traki, lakini mtu aliyenyooka ndiye rahisi kuangushwa.

Na uchovu ni wa aina nyingine. Nusu ni dakika saba tu, mapumziko dakika mbili, mtu wa 400 anaona ni mchezo wa watoto. Shida si kukimbia, shida ni kuamka. Unaanguka, unaamka, unakimbia mita 30, unaanguka na mtu juu yako, unaamka, halafu baada ya masaa mawili matatu mna mechi nyingine. Hakuna mazoezi yangu ya traki yaliyowahi kunifundisha kuamka kutoka chini nikiwa nimeishiwa pumzi.

Kukaba, yaani kumwangusha mwenye mpira, nilifundishwa na propu mmoja mkongwe, mchezaji wa safu ya mbele wa timu yetu, si kocha. Baada ya mechi moja ambayo nilimkaba mtu vile tunakaba handiboli, kifua kwa kifua, mikono juu, mikono ikapanda ikamshika shingo, nikapewa kadi ya manjano. Kwa handiboli ukitolewa ni dakika mbili, kwa raga ya saba kadi ya manjano pia ni dakika mbili, kwa hivyo nilitoka nikiwa nimetulia kabisa. Kumbe si sawa. Kwa handiboli ukuta unajibana mnavumilia. Kwa mechi ya dakika 14 na uwanja mkubwa hivyo, kubaki sita ni kama kufungua geti, walituwekea trai mbili kabla sijarudi. Huyu dada hakuniambia kitu siku hiyo. Siku ya mazoezi akanichukua kando, akaniambia "piga magoti." Akapiga magoti pia, tukaangaliana.

"Unaangalia wapi?"

"Usoni."

"Uso unadanganya. Angalia kaptura. Kaptura haiwezi kuenda kushoto mwenyewe aende kulia."

Tukaanza hivyo, magotini, kwa nyasi. Kichwa kiende upande, shavu likae nyuma ya makalio yake, kamwe kisikae mbele ya njia ya mwili wake. Bega ndio linagonga, si mikono. Mikono inakuja baadaye inafunga kama kamba nyuma ya mapaja na unavuta. Halafu tukaenda kuchuchumaa, halafu kusimama, halafu kutembea, na ilichukua wiki nyingi kabla hajakubali nimkimbilie. Mguu wa mbele ukaribie, alikuwa anarudia hiyo hadi nikaota, juu ukiwa mbali unajirusha, na ukijirusha kichwa kinatangulia. Kama wewe ni mgeni na timu yako inakuweka mechini kabla ya hii kazi ya magoti, kataa. Sema unaumwa na tumbo kama unaona aibu. Kila mtu atakuambia una kasi utajifunza ukicheza, na watasema hivyo juu wanataka zile trai.

Kuna jambo la kichwa ambalo lazima niliseme. Jumamosi moja niligongana na mtu kichwa kwa kichwa, nikaamka, nikamaliza mechi. Hakuna mtu alinitoa. Jumapili nilikuwa na mechi ya handiboli na kocha wa handiboli hakuwa na njia ya kujua jana kulifanyika nini, na mimi sikusema. Kipindi cha pili nikasahau mfumo ambao tumeucheza tangu mwaka wa kwanza, nikasimama tu katikati ya korti, nikatapika nikiwa chumba cha kubadilisha. Sheria ya raga kwa hili iko wazi: ukishukiwa tu una mtikisiko wa ubongo unatoka na hurudi siku hiyo, halafu unaona daktari na unarudi pole pole hatua kwa hatua. Lakini hiyo sheria iko kwa raga. Ukitoka hapo ukavaa sare ya mchezo mwingine kesho yake, haikufuati. Ni wewe wa kuibeba mdomoni mwako.

Huo mwaka wiki yangu ilikuwa traki mara mbili, handiboli mara tatu, raga mara mbili na mechi wikendi. Kila kocha alikuwa anaona kazi yake tu, na kila mmoja alikuwa na haki, mazoezi yake peke yake hayakuwa mengi. Chakula changu kilikuwa chapo madondo mchana, jioni chai na mkate nikichoka kupika. Nikaanza kupungua, watu wakanisifu ati nimekaa vizuri. Mbio zangu zikawa mbaya nikaongeza mazoezi. Halafu hedhi ikakatika, na sitaficha, nilifurahi, nikasema afadhali usumbufu umepungua. Mfupa wa mbele wa mguu ukaanza kuuma hata nikipanda ngazi za hosteli.

Daktari niliyempata kliniki hakuanza na mguu. Aliniuliza mara ya mwisho kuona hedhi ilikuwa lini, halafu akaniuliza jana nilikula nini tangu asubuhi, nitaje kila kitu. Akaniambia mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoingiza unaanza kuzima vitu ambavyo unaona vinaweza kungoja, na uzazi ndio wa kwanza, halafu mifupa inakosa ulinzi, na damu yangu pia ilikuwa na upungufu wa madini ya chuma. Dada zangu, hedhi ikikatika miezi na huna mimba, hiyo si zawadi ya kuwa fiti. Nenda uonwe. Na kula kabla ya mazoezi, hata kama ni ndizi mbili na njugu za kumi, na kula tena ukitoka.

Nilichofanya baada ya hapo ni kununua daftari. Kila zoezi naandika dakika, halafu naandika lilikuwa gumu kiasi gani kutoka moja hadi kumi, nazidisha. Raga dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Traki dakika 60 kwa 8 ni 480. Jumapili najumlisha. Si uchawi, hata timu kubwa hutumia hii, na haihitaji saa ya bei. Ukiona wiki imeruka ghafla kuliko wiki zilizopita, kitu kitoke. Na nikafungua grupu ya WhatsApp nikaweka makocha wote watatu, nikaandika habari zenu makocha, mimi ni mmoja, hii ndio wiki yangu. Kimya siku mbili nzima. Halafu kocha wa riadha akauliza "Huyu mwingine ni nani?" Lakini walianza kuongea, na kocha wa handiboli ndiye wa kwanza kusema siku baada ya mechi ya raga nisiruke, nifanye kazi ya pasi tu.

Goti langu halikuumia raga. Liliumia handiboli, nimeruka kupiga, nikatua mguu mmoja, goti likaingia ndani. Wanawake tunaumia kano za goti zaidi ya wanaume kwenye michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, hili linajulikana miaka mingi, na bado timu nyingi zinapasha mwili kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kunyoosha miguu. World Rugby, shirikisho la raga duniani, wana mazoezi yao ya kupasha mwili yanaitwa Activate, yako bure mtandaoni, ni ya kusimama mguu mmoja, kutua vizuri, kuimarisha shingo na paja. Fanyeni hayo. Mkiwa hamna kocha wa kuyafuatilia mtu mmoja ashike simu.

Sasa pesa. Timu ya handiboli ilisema bima yao ni ya mashindano rasmi na ile ilikuwa ya kirafiki. Klabu ya raga ikasema pole sana lakini hukuumia kwetu. Picha ya MRI ya goti ikala elfu kumi na kadhaa, binamu zangu wakachanga, fizio nikalipa kidogo kidogo. Bahati ilikuwa kano ya ndani na haikuhitaji upasuaji. Mama alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, hii michezo yako mitatu, hakuna hata mmoja unaokujua ukiumia?" Sikuwa na jibu. Kabla hujavaa jezi ya mtu uliza, tena kwa maandishi: nikiumia nani ananipeleka hospitali, bima ni ya mechi tu au hadi mazoezi, MRI imo, upasuaji umo, na nikiumia nikiwa mchezo mwingine itakuwaje. Lipa SHA yako mwenyewe pia, ile bima ya afya ya serikali, usingoje.

Vitu vingine ni vidogo. Daluga nzuri za mtumba ziko soko la Toi, hapo karibu tu na RFUEA, angalia meno ya chini kama yameisha upande mmoja, ina maana aliyezivaa alikuwa anakanyaga vibaya na utarithi. Kinga ya meno ile ya kuchemsha: tumbukiza kwa maji moto, toa, uma, nyonya hewa ishike meno, na ufanye hivyo nyumbani usingoje asubuhi kwa basi mkienda Prinsloo, yale mashindano ya Nakuru. Nywele, suka fupi au ufunge kabisa, rasta ndefu zinashikwa hata bila mtu kukusudia. Na weka pesa ya nauli kando kabla msimu wa raga ya saba haujaanza, juu Nakuru, Kisumu na Mombasa si safari za kuomba omba ijumaa jioni.

Nikiwa na goti nilikuwa na muda wa kusoma kuhusu wenzetu. Portia Woodman wa New Zealand alikuwa netiboli, akaletwa raga na mpango wa kusaka vipaji mwaka 2012, akaja kushinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili. Chloe Dalton wa Australia alitoka basketi, akashinda dhahabu Rio, halafu akahamia futiboli ya Kiaustralia, ambayo si soka. Ilona Maher wa Marekani alicheza hoki na basketi kwao Vermont, raga akaianza akiwa na miaka 17. Ukiwaangalia, walihama. Walimaliza huku wakaenda kule, hawakurundika yote wiki moja. Hata Heather Moyse wa Canada, ambaye mwaka 2010 alishinda dhahabu ya bobsled, mbio za sleji kwenye barafu, Februari na Agosti akawa Kombe la Dunia la raga, misimu yake ilikuwa imetenganishwa na theluji! Sisi hatuna theluji. Kalenda zetu zinapandana na kila chama kinapanga kama kiko peke yake.

Kwa hivyo nikapanga mimi. Mashindano ya mbio niliacha kwanza, nikabaki na traki siku moja kwa wiki kama mazoezi ya raga. Handiboli nikacheza hadi nikamaliza chuo juu ya karo. Raga ndio ikabaki, niliitwa kambi ya majaribio mara moja, sikuingia kikosi, na sina kinyongo, kikosi cha saba kinachosafiri ni watu kumi na wawili au kumi na watatu na waliochukuliwa walikuwa wananizidi.

Ila nisidanganye mtu kuhusu kazi. Voliboli na handiboli kuna taasisi zenye timu za wanawake ambazo zinaajiri wachezaji, unacheza na una mshahara na pensheni. Raga ya wanawake bado wengi tunalipia kucheza, hata baada ya Lionesses kumaliza wa 10 kule Tokyo. Kuna dada tulicheza naye raga, ana mikono mizuri kuliko yangu, akarudi handiboli juu alipata ajira na ana mtoto. Watu walimwita msaliti kwa grupu ya timu. Mimi nilimsindikiza siku ya kuripoti kazini.

Kwa sasa nafundisha wageni kukaba pale klabuni, Jumanne na Alhamisi, kazi ya magoti. Ukija, useme mapema umetoka mchezo gani, wa netiboli nina kazi tofauti kwao, wanasimama wakidaka mpira. Na kama bado una mechi ya mchezo wako wa zamani wikendi hiyo, niambie kabla hatujaanza.